Uzi: Yume Nikki, efekti 11 kati ya 24 na wiki tatu za kuzunguka. Nifungue mwongozo au niendelee kupotea?

#1 Kizingiti (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni mnisaidie kuamua jambo moja.

Huu ni usiku wa ishirini na moja nacheza Yume Nikki. Nina efekti 11 (vitu vya kukusanya ndani ya gemu), na zote ziko 24. Hizo 11 nilizipata ndani ya siku kumi za mwanzo. Tangu hapo ni kuzunguka tu: natembea, narudi pale pale, naamka, nalala tena. Miongozo imejaa mtandaoni, inakushika mkono mlango kwa mlango. Mara mbili nimefungua ukurasa nikaufunga kabla haujamaliza kupakia.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni gemu ya bure iliyotoka Japani Juni 2004, kazi ya mtu mmoja anayejiita Kikiyama, ambaye mpaka leo haijulikani ni nani hasa. Jina la gemu maana yake ni shajara ya ndoto. Unamwongoza msichana anayeitwa Madotsuki. Chumbani kwake kuna kitanda, dawati, televisheni, na nje kidogo kuna roshani. Ukimpeleka mlangoni ili atoke, anatikisa kichwa. Hatoki. Basi unampeleka kitandani, analala, na karibu kila kinachofuata kinatokea ndotoni.

Ndotoni mlango ule ule unafunguka. Unatokea kwenye ukumbi wenye milango 12, na kila mlango una dunia yake. Kuna ya theluji, ya mishumaa, ya namba, ya macho, kuna ya giza tupu. Hakuna anayekuambia uende wapi. Hakuna bosi wa kumpiga mwishoni, hakuna alama, hakuna ramani, na maongezi ni kama hakuna kabisa. Unachokusanya ni efekti, yaani vitu vinavyombadilisha Madotsuki. Anakuwa paka. Kichwa chake kinakuwa taa. Anapanda baiskeli. Anashika mwavuli, na mvua inaanza kunyesha.

Nilikulia kwenye gemu zenye mshale juu ya skrini unaokuonyesha pa kwenda. Hapa mshale haupo, na mwanzoni nilifurahi kweli. Sasa sijui tena. Sijui kama huku kukwama ndiyo gemu yenyewe, au kama kuna kitu cha wazi ambacho kila mtu anakiona isipokuwa mimi. Nyie mliimalizaje?

#2 Bundi_Mkesha

Usifungue mkuu. Wiki tatu ni chache. Mimi ilinichukua miezi minne na sijutii hata usiku mmoja.

#3 mchora_ramani

Karibu sana mkuu. Nina maoni tofauti kidogo na Bundi. Kuna kupotea kuzuri na kuna kupotea kwa kukosa njia ya kutafuta, na hiki cha pili kinachosha bure. Kabla hujagusa mwongozo, jaribu nilivyofanya mimi.

Dunia nyingi humo hazina ukingo. Ukitembea kwenda kulia bila kugeuka, utarudi ulipoanzia ukitokea kushoto. Wengi hawalitambui hilo mapema, ndiyo maana wanadhani dunia ya theluji au ya giza haina mwisho. Ina mwisho, tena si kubwa kama inavyoonekana. Imekunjwa tu.

Sasa chukua karatasi ya mirabaraba. Chagua kitu kimoja ambacho hakifanani na kingine: mti uliopinda, taa, hata mnyama aliyesimama pahali pamoja. Anza hapo, tembea mstari mmoja mpaka ukione tena. Hapo umeshapata upana wa dunia hiyo.

Halafu kuna jambo la kiufundi linalosaidia mno. Gemu ilitengenezwa kwa RPG Maker 2003, programu ya kutengenezea gemu, ambayo skrini yake ni pikseli 320 kwa 240, na kila kigae, yaani kimraba kimoja cha ramani, kina pikseli 16 kila upande. Kwa hiyo wakati wowote unaona vigae 20 kwa upana na 15 kwa urefu, Madotsuki akiwa katikati. Ukimaliza mzunguko mmoja wa kulia, shuka vigae 15, zunguka tena. Hapo hakuna mstari utakaokuponyoka. Ukiwa na baiskeli unaweza kumaliza dunia moja usiku mmoja.

Ukichoka kurudi kwa miguu, ile efekti ya mkono wenye jicho inakurudisha ukumbini papo hapo. Kama bado huna, bonyeza 9, Madotsuki atajifinya shavu na kuamka. Kumbuka kuandika kwenye shajara pale dawatini kabla hujazima kompyuta, maana pale ndipo gemu inapohifadhiwa.

Kwa njia hii nilichora dunia saba. Zile tano nilizobaki nazo niliacha kuchora, kwa sababu ambayo nitaieleza siku nyingine.

#4 Tufani7

Naomba niseme ukweli wangu, na simkosei mtu heshima. Niliicheza dakika arobaini nikaifuta.

Gemu kwangu ni kanuni na lengo. Nikishindwa nijue nimeshindwa nini, nikishinda nijue nimeshinda nini. Humo nilitembea gizani, nikakutana na watu wasiosema kitu, nikapata kisu. Nikadhani sasa mambo yanaanza. Nikawachoma viumbe kadhaa, baadhi wakatoa hela. Hela nikanunua kinywaji kwenye mashine, nguvu zikaongezeka kwenye menyu. Baadaye nikaja kujua hizo nguvu hazifanyi kazi yoyote popote. Hakuna pigano hata moja zinapohitajika. Nilihisi nimechezewa.

Swali langu kwa mleta uzi na wenzake: mwisho wa siku unapata nini?

#5 Nyuzi_Tatu

Tufani7, swali lako ni la haki na limeulizwa tangu zamani. Acha nikuwekee ukoo wa gemu hizi, labda utaona zinataka nini kwa mchezaji.

Oktoba 1998 ilitoka Japani gemu ya PlayStation iitwayo LSD: Dream Emulator, iliyobuniwa na msanii Osamu Sato. Haikuwa kazi ya mtu mmoja asiye na kampuni kama Yume Nikki, lakini undugu wao uko wazi. Ilijengwa juu ya shajara ya ndoto iliyoandikwa kwa miaka mingi na mmoja wa waliofanya kazi na Sato. Unatembea, na ukigusa kitu chochote, ukuta, mnyama, mtu, unarushwa sehemu nyingine. Ndoto haizidi dakika 10 kisha unaamka. Ukiamka unaonyeshwa grafu ya hali ya ndoto uliyoota: ilikuwa ya juu au ya chini, ya utulivu au ya vurugu. Siku zinaenda hadi 365. Basi.

Halafu 2013 ikaja Proteus, ya Ed Key na David Kanaga. Unatupwa kwenye kisiwa kinachoundwa upya kila ukianza, unapita majira manne ya mwaka, na muziki unabadilika kufuatana na unachokikaribia. Ukikimbiza vyura, kila kuruka kwao kunatoa sauti. Nayo iliambiwa hiyo hiyo: hii si gemu.

Ninavyoziona, gemu hizi zinachukua ile raha ambayo kwenye gemu nyingine tunaipata pembeni, ile ya kuacha misheni na kwenda kuona nyuma ya mlima kuna nini, kisha zinaifanya kuwa chakula kizima. Kama raha hiyo kwako ni kiungo tu, utaondoka na njaa, na huna kosa.

Kuhusu hela na nguvu, hebu fikiria tena. RPG Maker inakuja na hela, nguvu na viwango, kwa sababu ni zana ya kutengenezea gemu za mapigano. Kikiyama angeweza kuvificha vyote. Aliviacha, na akahakikisha havikufikishi popote. Kila anayewinda viumbe kwa ajili ya hela anafika pale ulipofika wewe, na ana kisu mkononi. Mimi jambo hilo lilinishtua, kwa sababu nami niliwachoma.

#6 Tufani7

Hilo la kisu nimelisikia, na nimelifikiria kwa muda kabla ya kujibu. Lakini bado. Outer Wilds ya 2019 naipenda mno, nayo haina mshale. Jua linalipuka kila dakika 22, unarudi mwanzo, na kitu pekee unachobaki nacho ni ulichojifunza. Mlango ulikuwa wazi tangu dakika ya kwanza, ila hukujua. Hiyo ni akili. Pale kuna swali na kuna jibu.

Yume Nikki nikimaliza nitakuwa nimejua nini?

#7 Kizingiti (mleta uzi)

Asanteni wote. mchora_ramani, nimeanza na dunia ya mishumaa kama ulivyosema, na ni kweli inajirudia. Nilikuwa nimeipita mara ishirini nikidhani naenda mbele.

Tufani7, jibu sina, ila nikueleze kilichonipata juzi. Ndani ya dunia ya theluji kuna vijumba vya barafu. Kimoja kilinipeleka kwenye bahari ya waridi, na humo kuna nyumba ndogo. Ndani kuna msichana mwenye nywele za njano, wachezaji wanamwita Poniko. Hasemi kitu. Kuna kitanda, na swichi ya taa ukutani. Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha. Mara ya sita au ya saba nilipozima, muziki ukakatika, chumba kikageuka, na mahali pa msichana kukawa na umbo jeusi lenye uso mweupe, linatetemeka. Nilivua hedifoni. Nilipomgusa nikajikuta sehemu isiyo na njia ya kutokea, nikabonyeza 9.

Sikupata efekti. Sikujua chochote zaidi. Lakini tangu siku hiyo, kila chumba ninachoingia humo natazama ukutani kwanza.

#8 mchora_ramani

Una bahati ya ajabu dada (naona kwenye wasifu wako, naomba radhi kwa “mkuu” wa mwanzo). Huyo anaitwa Uboa, na nafasi ya kumwona ni moja katika 64 kila unapozima taa. Hata ukizima mara 64 mfululizo, bado nafasi ya kutomwona ni zaidi ya theluthi moja. Mimi nilizima karibu mara mia ndipo akaja.

Hapo ndipo nilipoacha kuchora ramani. Niliona naweza kuchora kila kigae na bado kuna kitu ambacho hakitakaa kwenye karatasi.

#9 Jiwe_la_Pwani

Samahani kukata mazungumzo. Sina kompyuta kwa sasa, nina simu ya Android tu. Inachezeka?

#10 Bundi_Mkesha

Inachezeka. Tafuta programu ya bure inaitwa EasyRPG Player, inasoma gemu za RPG Maker 2000 na 2003. Mafaili ya Yume Nikki unaweka kwenye folda yake. Gemu yenyewe ni nyepesi, simu ya zamani inaiweza. Kwenye kompyuta ipo Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, tangu Januari 2018, bure vilevile.

Usije ukaichanganya na Yume Nikki: Dream Diary ya Februari 2018. Hiyo ni nyingine, ya 3D, yenye kuruka na kutatua mafumbo. Nimeicheza. Viumbe ni wale wale, lakini kila chumba kinakuomba ufanye jambo ndipo upite. Sikuwahi kupotea humo hata dakika moja, na nilimaliza nikiwa sikumbuki karibu chochote. Anza na ya 2004. Vaa hedifoni. Muziki ni vipande vifupi vinavyojirudia bila kukoma, sekunde chache tu, na baada ya robo saa unasahau kama unausikia.

#11 mwanga_wa_dirisha

Nimesoma uzi wote kimya kimya tangu jana. Ninataka kuzungumzia mwisho wa gemu, kwa hiyo TAHADHARI: ambaye hataki kuujua aruke hadi posti inayofuata. Kizingiti, wewe hasa ruka.

Ukikusanya efekti zote 24 ukaziacha zote pale ukumbini, zinageuka mayai sakafuni. Ukiamka, kule roshani kumetokea ngazi fupi ambayo haikuwepo. Madotsuki anaipanda na kujirusha. Skrini inaishia hapo, pana viumbe wawili kama kiwavi-bahari. Hakuna neno hata moja la kueleza.

Kuna wanaosema bado ilikuwa ndoto, wanataja kwamba kila ndoto humo inaanzia roshani ile ile. Kuna wanaosema ni kama unavyoona. Nilikuwa nabishana sana juu ya hili, sasa sibishani.

Niliicheza wakati ambao mimi mwenyewe nilikuwa sitoki nje. Ilikuwa miezi, sikuwa naumwa kitu cha kupimwa hospitali, nilikuwa tu nikifika mlangoni nageuka. Mtu yeyote akiniuliza kwa nini, sikuwa na la kusema. Kisha nikaona gemu ambayo kitu cha kwanza kabisa inachokuonyesha ni mtu anayefika mlangoni na kutikisa kichwa, na haimuulizi kwa nini. Haimkaripii. Haimpi misheni ya kupona. Inasema tu, haya, tulale, nionyeshe. Nilikaa mbele ya skrini nikalia.

Mwisho wake uliniumiza, na sitaki kuusifia. Nilipouona nilimpigia simu dada yangu usiku huo huo, ndiye mtu wa kwanza kuongea naye kwa sauti kwa siku nyingi. Kama kuna anayesoma hapa na yuko ndani ya chumba cha namna hiyo, nakuomba umtafute mtu mmoja umwambie, hata kama ni kwa maneno mawili.

Tufani7, umeuliza unapata nini. Ninajua ninachokisema si hoja. Mimi nilipata kuonekana.

#12 Tufani7

mwanga_wa_dirisha, asante kwa kuandika hili. Sina cha kupinga. Natumaini mambo ni mazuri sasa.

#13 mwanga_wa_dirisha

Ni mazuri ndugu yangu. Natoka kila siku.

#14 Kizingiti (mleta uzi)

Nimeruka #11 kama nilivyoambiwa, nitarudi kuisoma siku yangu ikifika. Naona imewagusa.

Nimeamua hivi: mwongozo sifungui. Ila naomba mnipe vidokezo, sentensi moja moja, bila kutaja mlango wala njia. Niko tayari kupotea, lakini nipotee nikiwa na kitu mkononi. Nina kisu, paka, baiskeli, mwavuli, taa, taa za kuongozea magari, ile ya kuwa mdogo, na nyingine nne.

#15 mchora_ramani

Usipite kitu kwa kudhani ni pambo. Kiguse.

#16 Nyuzi_Tatu

Ukiwa paka, simama na uite. Tazama nani anakuja.

#17 Bundi_Mkesha

Umewahi kufika kwenye chombo cha angani, kwa yule bwana anayepiga kinanda? Kama ndiyo, umewahi kulala humo?

#18 Kizingiti (mleta uzi)

Nimefika mara tatu. Yule bwana mweusi-mweupe, ukimgusa anashtuka kidogo kisha anaendelea na kinanda chake. Kitanda nilikiona. Nikadhani ni pambo. (mchora_ramani, nimekusikia.) Naenda usiku wa leo.

#19 Jiwe_la_Pwani

EasyRPG imekubali. Nimeingia mlango wa kwanza nikafukuzwa na mwanamke mwenye mdomo wa ndege, akanishika, nikatupwa mahali pasipo na mlango. Nilidhani gemu imeharibika!

#20 Bundi_Mkesha

Haijaharibika. Anaitwa Toriningen, na wako wengi. Wengine ni watulivu, wanaofukuza ni baadhi tu, na utawajua kwa macho. Wakikushika jifinye shavu. Ukiipata efekti ya taa za kuongozea magari utaweza kuwasimamisha wote kwa muda.

#21 Kizingiti (mleta uzi)

Wakuu, nimerudi. Ni usiku sana lakini nikilala kabla ya kuandika nitapoteza nusu yake.

Nilifika kwenye chombo. Bwana wa kinanda alikuwa anapiga kama kawaida. Nikamlaza Madotsuki kwenye kile kitanda. Alipoamka, king’ora kilikuwa kinalia, yule bwana amesimama, anahaha. Ninasema anahaha, na ni pikseli chache tu, lakini nilimuonea huruma kama mtu. Chombo kikaanguka. Nikatoka nje, na nje hapakuwa tena anga, palikuwa ardhi nyekundu. Mars.

Nikatembea. Hapana kitu kwa muda mrefu, nyekundu tu, na muziki ambao sijausikia kwingine. Nikafuata mbinu ya vigae 15, kushoto kwenda kulia, na ndivyo nilivyoona tundu ardhini. Dogo. Madotsuki haingii. Nilisimama juu yake nikifikiria, nikazunguka, nikarudi. Kisha nikakumbuka ile efekti ya kuwa mdogo, ambayo tangu niipate sikuwa nimeiona na faida yoyote. Nikaivaa, nikaingia.

Chini kuna kiumbe kimoja. Kiko peke yake na kinalia.

Hicho tu. Nilimgusa, nikangoja. Nikambadilishia efekti moja moja, nikawa paka, nikashika mwavuli. Hakuna kilichobadilika. Hakunipa efekti. Nimetoka humo nikiwa na 11 zile zile, baada ya safari ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya ndani ya gemu hii.

Sasa sikilizeni. Wiki moja iliyopita ningekasirika. Ningesema nimepoteza usiku mzima. Leo nilikaa naye. Niliacha kibodi, nikakaa hapo labda dakika kumi, kwa sababu nilihisi nikiondoka mara moja nitakuwa nimemkosea adabu. Nikawaza: mtu alikaa akachora kiumbe hiki, akamtungia muziki, kisha akamficha chini ya tundu, kwenye sayari ambayo huifikii mpaka ulale kitandani ambako hakuna aliyekuambia ulale. Hakuweka zawadi ya kukuvuta. Hakika alijua kwamba wengi watakaopita hawatamwona, na bado alimtengeneza.

Bundi, ningekutana na sentensi hiyo kwenye mwongozo, imeandikwa “hapa hakuna efekti”, nisingekwenda. Ningeruka.

Tufani7, uliuliza nikimaliza nitakuwa nimejua nini. Najua kuna mtu analia Mars na najua njia ya kumfikia. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi.

#22 Bundi_Mkesha

Ndiyo maana sikukuambia kuna nini kule. Asante kwa kukaa naye.

#23 Nyuzi_Tatu

Siku ukimaliza hii, kuna Yume 2kki. Ilianzishwa 2007 na mashabiki wa Kijapani, na watu wengi tofauti wamekuwa wakiongeza dunia zao humo miaka yote hii. Msichana wa humo ni Urotsuki, naye hatoki chumbani. Ni kubwa kupita kiasi, na kwa sababu imeshonwa na mikono mingi haina ule upweke wa sauti moja. Ninaipenda kwa namna nyingine. Siku hizi inachezeka hadi kwenye kivinjari, unawaona wachezaji wengine wakipita ndani ya ndoto ile ile. Mara ya kwanza nilipomwona mgeni amesimama kwenye dunia niliyodhani ni yangu peke yangu, sikujua nimsalimie au nijifiche.

Lakini usiharakishe. Una 13 bado.

#24 mchora_ramani

Dada Kizingiti, zile ramani zangu saba ninazo bado. Nilitaka kukutumia, sasa naona nisikutumie. Ukimaliza tutabadilishana.

#25 Tufani7

Nimeipakua tena jioni hii. Nimeshalala, nimetokea roshani, nimepita chumbani, sasa nimesimama kwenye ukumbi wa milango 12. Kisu nikikipata safari hii sitakitumia. Nianze na upi?

#26 Kizingiti (mleta uzi)

Mimi nilianza na wa theluji, kaka. Ukifika kwenye vijumba vya barafu, ingia vyote.